Huyu siyo ngege

Wiki mbili zilizopita nilinunua sato watatu Mwenge, kwa yule mama anayepanga samaki wake jioni karibu na kituo. Nikawapeleka Kimara nikijisikia vizuri, maana Mama alikuwa amekuja kutoka Ukerewe na nilitaka ale kitu cha kwao. Akamchukua mmoja, akautanua mkia wake kwa vidole viwili, akanionyesha michirizi iliyosimama wima.

"Umeiona hii? Huyu sato. Ngege hana."

Nina miaka arobaini na moja na siku zote nilijua ngege ni jina tu la kwetu la sato. Kumbe ni samaki wawili. Ngege ndiye mwenyeji wa Ziwa Victoria. Sato alipandikizwa miaka ya 1950, wakati nyavu zilikuwa zimeshampunguza ngege. Sangara tunamlaumu kila siku kwa kuwamaliza furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, ila sato kafanya yake kimyakimya: anagombea mazalia na mwenyeji, halafu anazaa naye. Watoto wakizaliana vizazi kadhaa, ngege anapotea huku ziwa limejaa samaki wanaofanana naye. Jina lake la kisayansi linaishia na *esculentus*, Kilatini cha "anayelika". Mama hakuhitaji Kilatini kuniambia utamu wake.

Usiku nikaanza kusoma kwenye simu, nikajikuta Arizona, Marekani. Kule kuna samaki aitwaye trauti wa Apache, wa rangi ya dhahabu na madoa meusi, mwenye vidoa viwili ndani ya jicho, kimoja kila upande wa mboni, utadhani kavaa kinyago. Anaishi kwenye vijito vya milimani. Kilichompata ni kilekile: waliletwa trauti wageni kwa ajili ya wavuvi wa starehe, wengine wakamla, mwingine akazaa naye.

Wenye nchi, kabila la White Mountain Apache, walifunga vijito vyao visivuliwe hata kabla serikali haijamwingiza kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1967. Halafu wakakaa meza moja na idara ya wanyamapori ya taifa, ya jimbo, na watu wa misitu. Kazi yenyewe haina urembo. Unajenga kizuizi cha mawe au zege katikati ya kijito ili wageni wa chini wasipande. Juu ya kizuizi unawatoa wageni wote, kwa umeme au kwa sumu, ndipo unamrudisha mwenyeji. Mgeni mmoja akipenya, unarudi mwanzo. Septemba 2024 wakamtoa kwenye orodha, samaki wa kwanza kati ya wale wa kuvuliwa kwa starehe kufikia hapo Marekani. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Nilichokipenda ni hiyo meza. Hapa Dar, TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, wako Kunduchi, na watafiti wao pamoja na wa vyuo vya Uingereza wamezunguka maziwa na mabwawa yetu wakachunguza jinsi sato anavyochanganyika na perege wa asili, yaani jamii ya kina ngege. Utafiti upo. Lakini mwenye maji ni ofisi nyingine, mwenye mazingira nyingine, na anayegawa vifaranga vya sato ana lengo lake la kujaza mabwawa. Simlaumu, watu wanataka kula, na mimi mwenyewe nimekwambia nilinunua watatu.

Ziwa kubwa sidhani kama utaliwekea kizuizi. Ila ngege bado yuko kwenye baadhi ya maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli upande wa Kenya, ingawa hata huko sato ameshafika. Maji madogo ndiyo yanayoweza kulindwa.

Nikamwambia Mama haya yote wakati anachambua kichwa cha sato kwa vidole. Akasema kuna lambo kwao ambalo babu yangu alilitilia samaki zamani, na wa mle mikia yao haina michirizi. Nikampigia binamu yangu palepale. Akacheka: ameshaagiza vifaranga vya sato mia tano, vinakuja mwezi ujao.

"Ndugu yangu, subiri kwanza," nikamwambia. "Wapo watu wa kuja kuangalia waliomo."

"Nisubiri mpaka lini? Na hao watu ni wa ofisi gani?"

Nimeshapiga namba mbili. Ya kwanza wamenielekeza kwa ya pili, na ya pili wamenirudisha kwa ya kwanza. Kesho nitakwenda Kunduchi mwenyewe, nikiwa na picha ya mkia kwenye simu.