Kikosi cha raga huchaguliwa kwa kazi, si kwa sifa

Kila kikosi cha taifa cha raga kinapotangazwa, mabishano huanzia palepale: nani ni bora kuliko nani. Mashabiki huwapambanisha wachezaji wawili wa nafasi moja, wakahesabu trai zao (mara walizouweka mpira chini ndani ya eneo la goli la mpinzani), wakakumbushana mbio ndefu za msimu uliopita, kisha wakamlaumu kocha kwa kumwacha kipenzi chao. Naamini swali hilo linatupotosha. Katika mchezo wenye watu 15 uwanjani, ambao kazi zao hazifanani hata kidogo, la kuuliza kwanza ni kazi ipi itakosa mwenyewe iwapo mchezaji fulani hayupo, na ni nani atakayesimama ubavuni mwake.

Mfano ambao siachi kuurejea ni wa Afrika Kusini katika Kombe la Dunia la mwaka 2023 nchini Ufaransa. Malcolm Marx, huka (mchezaji wa katikati ya safu ya mbele) ninayemhesabu miongoni mwa walio bora kabisa duniani, aliumia goti mazoezini baada ya mechi ya kwanza. Wengi tulitarajia nafasi yake ichukuliwe na huka mwingine, lakini makocha wakamwita Handré Pollard, mchezaji wa namba 10, yaani kiongozi wa mashambulizi ambaye mara nyingi ndiye hupiga mikwaju ya goli. Kikosi kikabaki na huka mmoja tu wa kazi hiyo, Bongi Mbonambi, akisaidiwa na Deon Fourie, ambaye aliwahi kucheza nafasi hiyo lakini wakati ule alikuwa akitumika zaidi pembeni mwa skramu, ambamo wachezaji wanane wa mbele wa kila timu husukumana kugombea mpira. Ukiuangalia kwa kipimo cha ubora wa mtu mmoja mmoja, uamuzi huo hauna maelezo. Ukiuangalia kwa kipimo cha kazi, unaeleweka mara moja, kwa sababu timu ile haikuwa na mpigaji wa mikwaju wa kutegemewa. Siku chache tu baadaye ilifungwa na Ireland 13 kwa 8, katika mechi ambayo Manie Libbok, namba 10 mwingine wa timu hiyo, na Faf de Klerk, namba 9, walipoteza pointi 11 kwa mikwaju iliyokwenda kando.

Yaliyofuata yanajulikana. Katika nusu fainali dhidi ya Uingereza, Pollard aliingizwa kabla ya mapumziko, na zikiwa zimesalia dakika chache akafunga penalti ya mbali iliyoleta ushindi wa 16 kwa 15. Katika fainali alifunga pointi zote 12 za timu yake, na New Zealand ikabaki na 11. Hata hivyo, wanaousifu uamuzi huo husahau gharama yake. Mbonambi aliumia mwanzoni kabisa mwa fainali, na Fourie, akiwa na umri wa miaka 37, akalazimika kuibeba kazi ya huka karibu mechi nzima. Huka hurusha mpira wa lainauti, yaani wa kurejeshwa uwanjani kutoka mstari wa pembeni, kwa mikono miwili kutoka juu ya kichwa, akilenga viganja vya mwenzake aliyeinuliwa hewani, huku mpinzani naye akiwa ameinuliwa hatua moja tu pembeni. Mpira ukichelewa kidogo, au ukipungua kimo kwa upana wa kiganja, umeibiwa. Afrika Kusini ilipoteza mipira kadhaa kwa njia hiyo usiku ule, na ilikaribia kulilipia pengo la Marx kwa kombe lenyewe. Bado nasema makocha walichagua vyema, kwa kuwa walijua walichokuwa wakikiacha na walikuwa na mtu wa kukiziba, japo kwa shida.

Hapo ndipo mijadala yetu inapopwaya. Tunawapima mafowadi, wale wanane wa mbele, kwa macho ya mabeki, wale saba wa nyuma. Propu, anayesimama ubavuni mwa huka, akikimbia na mpira mita 20 hushangiliwa, lakini mkataba wake na timu umeandikwa kwenye skramu, ambako mgongo wake ukipinda au bega lake likishuka wenzake wote saba hurudi nyuma. Ile penalti ya Pollard dhidi ya Uingereza ilizaliwa kwenye skramu, baada ya propu Ox Nché kuingia kutoka benchi na kuibadili kabisa hali ya safu ya mbele. Anayechagua kikosi kwa kutazama vipande vya trai nzuri hawezi kumwona Nché, na atamwacha nyumbani.

Vivyo hivyo, wachezaji huchaguliwa wakiwa jozi. Mwaka 2013 kocha Warren Gatland alimwacha Brian O'Driscoll wa Ireland katika mechi ya tatu ya British and Irish Lions, timu ya pamoja ya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, dhidi ya Australia, na katikati ya mabeki akawaweka Jamie Roberts na Jonathan Davies, waliozoeana katika timu ya Wales. Hasira ilikuwa kubwa, kwa maana O'Driscoll ni mmoja wa magwiji wa nafasi hiyo katika historia ya mchezo. Lions walishinda 41 kwa 16. Kinyume chake ni Uingereza ya mwaka 2015, iliyompeleka Sam Burgess katika Kombe la Dunia akiwa ametoka raga ya wachezaji 13 muda mfupi tu kabla yake. Si haki kumbebesha yeye lawama ya kutolewa katika hatua ya makundi, lakini nafasi ya kati inadai kusomana ambako hakupatikani kwa miezi michache, hata mtu awe na nguvu za namna gani.

Kuhusu benchi, siungi mkono kuiga mpango wa mafowadi saba na beki mmoja bila kutazama nani yupo uwanjani. Afrika Kusini iliutumia katika fainali ikiwa haina namba 9 wa akiba (beki anayeutoa mpira kwenye skramu), na de Klerk akacheza dakika zote 80. Iliweza kuthubutu kwa sababu ilikuwa na watu kama Kwagga Smith na Cheslin Kolbe, waliolelewa pia katika raga ya wachezaji saba, ambao wana mbio, mikono na akili ya kucheza zaidi ya nafasi moja. Timu isiyo na watu wa aina hiyo ikifanya hivyo, jeraha moja la beki linatosha kuivuruga.

Wanaosema Libbok hafai kwa sababu ya upigaji wake wa mikwaju wanarudia kosa lilelile la kumpima mchezaji kwa kazi moja. Pasi zake huwafungulia mawinga njia ambazo Pollard hazioni mapema kama yeye, na mbele ya ulinzi uliojaa katikati ya uwanja ningemwanzisha yeye, mikwaju apewe mwingine, na Pollard nimweke tayari kwa dakika 30 za mwisho.