Tulivyopanga ulinzi wa wazee wetu Makorora

Wazazi wangu wanaishi wawili tu katika nyumba yao ya Makorora, hapa Tanga. Baba alistaafu bandarini, umri umemtupa mkono na sikio lake la kushoto halisikii tena. Mama ana maumivu ya magoti. Nyumba mbili za mtaa wao zilipovunjwa usiku, mimi na kaka yangu tuliamua kulivalia njuga suala la ulinzi wao.

Nilianza na panga lililokuwa chini ya kitanda, maana lilinitisha kuliko mwizi mwenyewe. Mzee akiamka gizani, miwani haijulikani ilipo, kijana mwenye nguvu atamnyang'anya panga hilo mara moja. Sheria inampa mtu haki ya kujihami. Kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda anayejitetea, anayemtetea mwenzake au anayetetea mali yake, ila nguvu anayotumia isizidi kiasi. Anayekimbia na redio si sawa na anayekujia na nondo. Sasa nani ataipima tofauti hiyo saa nane za usiku?

Baba alibisha. "Mwanangu, mwanamume hajifungii chumbani mwizi akiwa sebuleni."

"Baba, redio tutanunua nyingine. Wewe tutakupata wapi?"

Mama ndiye aliyemaliza mabishano: "Baba Asha, msikilize mwanao." Panga likaingia stoo na kufungiwa, pamoja na ngazi, jembe na sururu vilivyokuwa vikiegemezwa ukutani uani. Mwizi hupenda sana kukuvunjia kwa vifaa vyako mwenyewe.

Mpango wetu ukawa mmoja: wakisikia mtu ndani, wasitoke. Wafunge chumba, wapige filimbi, wapige simu. Kwa hiyo fedha nyingi zilikwenda kwenye chumba chao cha kulala. Mlango wa zamani ulikuwa mwepesi, teke moja tu ungepasuka. Seremala akaweka wa mninga, akafunga fremu kwa skrubu ndefu zilizoingia hadi ukutani. Komeo akaliweka usawa wa kifua, kwa sababu mama hawezi kuinama.

Mlango wa uani ulikuwa na tatizo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka fundi aliponionyesha. Ulifungukia nje, kwa hiyo bawaba zake zilikuwa nje pia. Alishika msumari na nyundo, akagonga pini kutoka chini, ikapanda juu kama mchezo. Ukitoa pini zote, mlango unang'oka upande wa bawaba na kitasa hakijaguswa. Alizichomelea zote. Kama mlango wako unafungukia nje, nenda kaangalie leo.

Madirishani grili zilikuwepo. Pale Makorora wezi hutoboa wavu wa mbu, wakapitisha mti wenye ndoano na kuvuta suruali, simu, hata mkoba. Tulihamisha meza iliyokuwa chini ya dirisha. Lakini mimi nilihofia moto zaidi: nyumba ikiwaka, grili isiyofunguka ni kaburi. Dirisha la chumba chao tulilikata grili, tukaweka kilango chenye kufuli kwa ndani. Ufunguo unaning'inia upande wa kitandani, mahali ambapo mkono hufika gizani lakini mti wa mwizi haufiki.

Pensheni zamani baba alikuwa akiitoa yote siku moja, na mtaa mzima ulijua siku hiyo. Sasa anatoa kidogo kidogo.

Majirani ndio walionichukua muda mwingi. Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, nikalipa michango ya ulinzi shirikishi iliyokuwa imelala. Ukelele wa "mwizi!" mitaani kwetu unaweza kuishia kwa mtu kuchomwa moto kabla hajaulizwa jina, na sikutaka damu hiyo imwagike mlangoni kwa wazazi wangu. Tukakubaliana: filimbi ikilia, kila mtu awashe taa ya nje, vijana waje kwa pamoja, atakayekamatwa ashikiliwe bila kupigwa na polisi wapigiwe 112. Namba hiyo na ya balozi nimeziandika kwa kalamu nene ukutani, zinasomeka bila miwani.

Tuliwahi kufanya jaribio usiku. Mama alifunga komeo na kupuliza filimbi, na jirani wa kulia alikuwa uani kabla sijafika getini. Baba hakuamka. Alikuwa amelalia sikio zima, na lile jingine halisikii. Tangu hapo mama ndiye msikilizaji. Akimgusa bega mara mbili, baba anajua la kufanya. Mama akienda msibani Muheza au Pangani, mwanangu mkubwa hulala kule kwa babu yake.