Nilivyoifungua Volkswagen ya marehemu baba bila ya kuvunja kioo

Kila niliyempigia simu jioni ile alinipa jibu moja: "Vunja kioo yakhe, kioo si kitu." Kioo si kitu kwa mwenye Toyota, ambayo vioo vyake vimejaa madukani. Gari yetu ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1967, na kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikizitengeneza, kule Mexico, kiliacha mwaka 2003. Ukishakivunja kioo chake utaendesha na mfuko wa plastiki dirishani mpaka apatikane mtu wa kukuletea kingine kutoka ng'ambo, na mifuko ya plastiki yenyewe Zanzibar imepigwa marufuku zamani.

Ufunguo ulikwenda hivi. Tulikuwa Forodhani alasiri, gari tumeiegesha kando ya barabara upande wa Beit el Ajaib. Mtoto analia, shemeji akampa ufunguo auchezee anyamaze. Akanyamaza kweli, kisha akaurusha juu ya ukuta wa bahari. Chubwi.

Bahati nzuri, nilidhani, pale ndipo wanapochupia vijana wa makachu, ule mchezo wa kujirusha baharini. Nikapatana na mmoja: kila mbizi elfu mbili, na ufunguo ukipatikana namuongeza kitu cha maana. Lakini maji yalikuwa ya bamvua na yanajaa, chini hakuonekani kitu. Mbizi ya kwanza akaja na kijiko. Baadaye akaja na miwani ya jua yenye jicho moja, halafu na kufuli lililoota kutu, akaniuliza kama litanifaa. Watalii wakaanza kukusanyika. Yule kijana alipoona kamera haendi tena chini kimyakimya: anarudi nyuma, anakuja mbio, anapinduka hewani, ndipo anapotua majini kunitafutia ufunguo. Wenziwe nao wakaingia, kila mmoja na pindu lake, na kila mmoja akitoka maji yanamchuruzika ananyoosha mkono kwangu. Watu wakapiga makofi. Nadhani ndiyo makachu pekee siku ile yaliyokuwa na mfadhili. Magharibi ilipoadhiniwa nikawashukuru na nikafunga pochi.

Sasa, ufunguo wa akiba tulikuwa nao. Marehemu baba aliufunga kwa waya chini ya dashibodi, ndani ya gari, kwa hoja kwamba mwizi aliyekwisha kuingia ndani hawezi kufikiria kutafuta ufunguo humo humo. Hoja hiyo sijawahi kuielewa, lakini waya nao sikuwahi kuufungua, kwa heshima yake. Kwa hivyo kazi ilikuwa moja tu: mlango. Tukiingia, tunaondoka.

Shemeji akaita fundi. Alikuja na pikipiki, akaizunguka gari, akasema ataingilia kwenye buti, alaze kiti cha nyuma apenye. Nikamwacha. Akafungua mlango wa nyuma, akakutana na injini. Alisimama kidogo akiitazama. Nikamwonyesha kuwa buti liko mbele, na kwamba kishikio cha kulifungulia kiko ndani ya gari, kwa hivyo njia hiyo nayo haitusaidii. Akatoa rula ndefu ya chuma, akaichomeka baina ya kioo na mpira wa mlango, akavua, akavua. Alichokipata ni kipande cha mpira wangu. Alitaka elfu thelathini. Nikampa ya mafuta, na hata hiyo iliniuma. Mpira ule mpaka leo unaingiza maji masika.

Mwengine, muuza maji ya miwa, akaleta mpira wa tenisi. Toboa tundu, anasema, uweke juu ya tundu la ufunguo, ubinye kwa nguvu, upepo utasukuma kitasa kifunguke. Kitasa cha gari hii ni chuma kwa chuma: ufunguo unazungusha silinda, silinda inasukuma mtaimbo, mtaimbo unaachia. Upepo wa mpira unamfanya nini mtaimbo? Nilimwachia abinye lakini, maana alikuwa na shauku.

Kijidirisha cha pembe tatu nilikijaribu mwenyewe. Wenye magari ya zamani wote watakwambia uanzie hapo, na kwa gari nyingi ni kweli: mpira ukishachakaa unapitisha chelewa mbili tatu za ufagio, unasukuma kishikio, mkono unaingia. Cha kwetu kishikio chake kina kitufe lazima kibonyezwe ndipo kizunguke. Chelewa zilibonyeza vizuri, kuzungusha zikavunjika.

Tulipofika hapo ndipo aliponijia mzee mmoja mvuvi, alikuwa muda wote kakaa ukutani anatutazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hicho kifundo cha kufungia, hapo chini ya kioo, kina kichwa au kimenyooka?"

"Kina kichwa."

"Basi mnaitesa bure. Nipe kamba ya kiatu."

Gari za siku hizi kifundo chake kimenyooka au hakipo kabisa, huna pa kushika. Za zamani kina kichwa kipana kuliko shingo, na hapo kitanzi kinakaa. Tatizo ni kuingiza kamba. Beetle imebana hewa hasa: vioo vyote vikiwa juu, mlango unagoma kufunga, ndiyo maana baba kila siku alikuwa akiteremsha kioo kidogo kwanza. Mzee akaniambia kwamba ujana wake alibeba zege kwenye magorofa ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na kuwa Mjerumani hata mlango anautengeneza kama ngome. Sikumwambia kuwa Volkswagen ni ya Ujerumani ya Magharibi. Niliogopa ataacha kazi.

Tukaazima mwiko wa mbao kwa muuza urojo, tukauzungushia kitambaa, tukaupenyeza kwenye pembe ya juu ya mlango, upande wa nyuma, karibu na kifundo. Usiuswage sana, fremu itapinda. Upana wa sarafu unatosha. Mzee akapitisha mshipi wake wa nailoni kwanza, ule mnene wa kolekole, kwa sababu haulegei na unajipenyeza wenyewe, na mkiani mwa mshipi akaifunga kamba ya kiatu ikavutwa nyuma yake. Mshipi peke yake haufai. Tuliujaribu, ukakamata kifundo, ukateleza na kutoka. Kamba ya pamba inauma.

Kitanzi kiko katikati ndani ya gari, ncha moja inatokea juu ya kioo, nyingine ubavuni mwa mlango. Unavuta huku, unalegeza kule, kinashuka kidogo kidogo. Tochi ya simu usiimulike upande wako, utaona uso wako tu kwenye kioo. Shemeji nilimpeleka upande wa pili amulike kutoka huko, na ndiyo kazi pekee ya maana aliyoifanya siku ile. Mara kinapita pembeni, mara kinageuka ubavu. Kilipokaa shingoni mzee akanizuia mkono. "Kaza kwanza. Ncha zote mbili. Usinyanyue mpaka kimebana." Nikakaza, ndipo nikavuta juu.

Tak!

Watalii wa makachu walikuwa wamekwenda kula zamani. Makofi tuliyapigiwa na muuza urojo, akadai mwiko wake. Mzee nilimpa pesa akazikataa, akachukua urojo bakuli mbili.

Wiki ile ile nikaenda kwa mchonga funguo Darajani na ule wa akiba. Hakuwa na chuma cha Volkswagen, akachukua cha gari nyengine na kukipunguza kwa tupa, elfu kumi na kitu. Unafungua, ila lazima uunyanyue kidogo ukiuzungusha. Wa asili nimempa mama, Kikwajuni. Shemeji ameulizia wake, nikamwambia chuma kimekwisha.