Land Cruiser 79 ya mizigo: kwa nini nilifunga matairi ya 235/85R16

Mkonga wangu, yaani Land Cruiser hii, ulitoka kiwandani na matairi ya 7.50R16 ya tyubu kwenye ringi za pete (ringi zenye pete inayofunguka). Nilitaka matairi yasiyo na tyubu, pancha izibwe palepale porini. Muuzaji akasema, "Ringi 16 ni 16, funga lolote." Ushauri huu unaniudhi mno, kwani 16 ni kipimo cha tundu la tairi tu. Kimo, upana na mzigo havimo humo.

Kimo kinapigwa hesabu: upana (235) mara asilimia ya ubavu (85), mara mbili, jumlisha milimita 406 za ringi. 235/85R16 linatoa 806, karibu sawa na 7.50R16. 265/70R16 limejaa madukani, lakini linatoa 777, na mengi yana namba 112 ubavuni, yaani kilo 1,120. Mizani ilinionyesha ekseli ya nyuma ikiwa na tani mbili na kilo mia hivi. Mawili yanabeba 2,240, kwa hiyo mzigo ukilalia upande mmoja tu, tairi limezidiwa.

Muuzaji aling'ang'ania 285/75R16. Sikubishana. Nilifunga spea yangu mpya ya 7.50R16 mbele, nikachora chaki tairi linapogusa sakafu, gari likasukumwa taratibu mizunguko kumi. Futi kamba ikasoma mita 24 na nusu. Tukafunga la kwake: zaidi ya mita 25. Maana yake spidomita ikisoma 80, gari liko karibu 83, na gia zote zinakuwa nzito mlimani. Kisha nikakata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Ubavu ukasugua mkono wa ekseli, mbele ya macho yake, kabla sijalipa hata shilingi.

Ringi za zamani zilikuwa na inchi 5.5, na 235/85 linataka 6 hadi 7.5. Nilichukua za chuma za inchi 7, nati tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 150. Ringi tano na matairi matano, pamoja na spea, yalikula milioni tatu na kitu. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lililolala stoo miaka sita usilichukue hata kwa nusu bei.

Halafu upepo. Tairi hili la plai 10 (daraja la uimara wa tairi) linabeba kilo 1,380 kwa PSI 80, lakini kwa 50 ni kilo 1,000 tu. Nikipakia, nyuma naweka 60 hadi 65 asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Nati nilizikaza upya baada ya kilomita mia za kwanza.