Kijiko cha 84 kimenijibu, sasa kile kidogo ndo kinanilaza macho

Wiki tatu nzima nimehangaika na kijiko cha supu cha mama mkubwa, kimoja kati ya vile vilivyotoka kwenye nyumba ya zamani kule Nguba, na jana usiku ndo kimejibu. Kimegongwa 84 ndani ya kimraba. Warusi wa zamani walikuwa wanaandika 84 kwa fedha ya 875, yaani sehemu 875 za fedha katika kila 1000, mi nikaamini, hadi nikamwambia mama mkubwa asiuze kitu. Lakini ule mraba ulinikera, maana kwa Wafaransa alama ya fundi yenye umbo la uru kama la karata ndo ya fedha tupu, mraba ni ya chombo kilichopakwa fedha juu.

Sumaku haisaidii hapa, inakataa fedha na inakataa pia ule mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki unaopakwa fedha juu. Asidi siitaki, inakula chombo cha watu! Nikabaki na maji: kikombe juu ya mizani, kijiko kinaning'inia kwa uzi bila kugusa chini, gramu zinazoongezeka ndo ujazo wake. Mizani yangu ya jikoni inaruka gramu moja moja, mara 9, mara 10, bure kabisa. Nikashuka kwa papa mmoja anayenunua dhahabu, ana mizani ya kusoma sehemu ya mia ya gramu, akaniuliza, "Mtoto, kijiko unakipimia ndani ya maji, unatafuta nini?" Nikamwonyesha. Mara ya kwanza 9.90, haiingii popote, kumbe vipovu vya hewa vimeng'ang'ania kwenye nakshi za mpini, nikatia tone la sabuni ya vyombo, nikavifuta kwa unyoya wa kuku kimoja kimoja, ikatulia 9.43. Kijiko kina gramu 82.40, ukigawa kwa ujazo unapata 8.74. Fedha ingefika 10 na zaidi. Basi kimepakwa, na 84 ni gramu za fedha zilizotumika kwa vijiko 12 na uma 12 vyote pamoja!! Nilifurahi kama vile ni dhahabu.

Fundi nimempata kwa moshi wa mshumaa: unaipaka alama masizi, unabandika skochi, unabandua, unaigandisha kwenye karatasi nyeupe. Inashinda kamera ya simu mbali sana, simu inapiga mng'ao tu. Ikatoka mizani ndogo na C mbili, Christofle wa Paris, wale walionunua haki za kupaka fedha kwa umeme mwaka 1842.

Nilipanga kuandika orodha ya vyombo vyote 31, nimeiacha, sasa ni masizi tu, daftari limejaa. Maana kwenye kijiko kidogo cha chai kimetokea kichwa cha Minerva, yule mungu wa kike wa Warumi ambaye Wafaransa wanamgonga kwenye fedha tupu, chenye 1, yaani fedha ya 950, na pembeni alama ya uru. Herufi ya kwanza ni L, ya pili imesuguliwa, nimeibandua mara kumi na moja, naona kama mguu wa R au K. Kesho naweka taa kwa upande.