Pete ya kijani na kiwanja cha Kigamboni

Wiki iliyopita walikuja ndugu wawili ofisini kwangu ninapothamini vito, kaka mtu mzima na mdogo wake wa kike, pete ya marehemu mama yao wameifunga kwenye leso. Almasi ya kijani inayoelekea bluu, nikakadiria uzito wa karati moja na nusu hivi maana ilikua bado imeshikwa kwenye pete. Kikao cha mirathi kilishakaa, wazee wakasema dada achukue pete na kaka achukue kiwanja cha Kigamboni, kilichobaki ni mthamini tu aandike kwamba vinakaribiana thamani. Kaka akaniambia "ndugu yangu we tuandikie tu, mama alinunua nje na risiti ipo." Risiti kweli ilikuwepo. Imeandikwa almasi ya kijani, basi. Kama rangi ni ya kuzaliwa nayo au ilitiwa baadae, hakuna neno.

Mi naithamini almasi ya rangi yoyote lakini kijani ndo inaninyima usingizi, na naomba nieleze kwanini maana watu wanadhani tunawazungusha tu. Almasi ya njano ya asili inapata rangi yake kwa naitrojeni iliyoingia wakati jiwe linajijenga, ya bluu mara nyingi ni boroni, ya pinki ni jiwe lilivyobanwa na kupindwa huko chini ardhini. Sasa kijani mara nyingi ni mionzi. Jiwe limekaa karibu na madini ya urani miaka mingi sana, mionzi ikasukuma atomi za kaboni kutoka kwenye nafasi zake, rangi ikageuka. Na binadamu anafanya kitu hicho hicho kiwandani! William Crookes wa Uingereza alishaanza mwaka 1904, alizika almasi kwenye chumvi ya rediamu zikawa kijani, tatizo zilibaki zinatoa mionzi. Siku hizi wanatumia mashine na vinu vya nyuklia. Kwahiyo unatafuta tofauti kati ya vitu viwili ambavyo chanzo chake ni kimoja, ndo maana hata maabara kubwa za vito kama GIA ya Marekani kuna mawe ya kijani wanaandika kwamba chanzo cha rangi hakijulikani.

Na tofauti ya hela ni mbingu na ardhi. Almasi ya kijani ya asili iitwayo Aurora Green, ya karati 5.03, iliuzwa Hong Kong mwaka 2016 kwa zaidi ya dola milioni 16. Iliyotiwa mionzi haisogei hata karibu na bei hizo, hata ingefanana nayo rangi.

Nikaisafisha pete, nikageuza jiwe polepole chini ya hadubini, nikaliangalia kupitia uso wa juu huku nyuma nimeweka karatasi nyeupe. Ikaonekana. Kuzunguka ile ncha ya chini rangi imejikusanya kama mwavuli uliofunguliwa, pembeni yake pamepauka. Asili haipaki rangi kwa kufuata mikato ya fundi, kwasababu mikato imekuja baada ya rangi. Mwavuli ule maana yake jiwe lilichongwa kwanza, halafu likapigwa mionzi kutokea chini ambayo haikupenya sana.

Ila wadau msichukue hii mkafanya ndo kipimo chenu cha mwisho. Usipouona mwavuli haimaanishi jiwe ni la asili, maana la kwenye kinu linapigwa na nyutroni, chembe ndogo sana zinazopenya mpaka katikati, rangi inatulia sawasawa jiwe zima. Vipimo vyetu vingi vya mezani viko hivyo, vinaweza kukamata jiwe lililotiwa rangi lakini haviwezi kulisafisha jiwe tuhuma. Njano nayo hivyo hivyo, ukiona ule mstari mweusi wa nanomita 594 kwenye spektroskopu, kifaa kinachotawanya mwanga kuwa rangi zake, shuku rangi imetiwa, lakini jiwe likichomwa moto mkali zaidi mstari unapotea. Bluu ya boroni inapitisha umeme na bluu ya mionzi haipitishi, sawa, lakini za kutengenezwa maabara zenye boroni nazo zinapitisha! Pinki iliyopakwa juu juu ndo rahisi kidogo, tafuta mikwaruzo kwenye kingo za mikato rangi imebanduka.

Kaka akaja na hoja ambayo naisikia kila siku hapa Dar: mbona tanzanaiti nayo inachomwa na hakuna anayelalamika? Ni hoja nzuri. Tanzanaiti karibu zote zinapitia moto, soko zima linajua na bei imeshahesabu hilo. Almasi ya rangi inalipiwa kwasababu ya uhaba wa rangi yenyewe. Ile almasi ya pinki ya mgodi wa Mwadui ya karati 54.5 iliyopatikana 1947, aliyopewa Elizabeth wa Uingereza, aliyekuja kuwa malkia, alipoolewa, ingekua rangi ya kiwandani nani angeihadithia mpaka leo.

Nikawaambia siandiki kwamba inalingana na kiwanja. Nitaandika nilichokiona, dalili za mionzi ya kiwandani, na kama wanataka uhakika wa mwisho jiwe litolewe kwenye pete liende maabara ya nje lipimwe. Dada alikaa kimya muda mrefu halafu akauliza "kwahiyo mama alidanganywa?" Nikamwambia dada yangu siwezi kujua aliambiwa nini dukani, ninachojua karatasi haikumwambia kitu. Kiukweli iliniuma. Jiwe ni almasi halisi kabisa, mama wa watu kalivaa miaka, na karatasi ingekua na mstari mmoja tu zaidi hawa wasingekua wamekaa mbele yangu.

Kaka ndo akaivunja ile hali, akasema tunarudi kwa wazee tukagawe upya, siwezi kuchukua kiwanja mdogo wangu abaki na hii. Nikamheshimu sana.

Wakati wanatoka dada akaivaa pete, ikawa inamcheza kidoleni, akasema atapitia kwa sonara Mtaa wa Indira Gandhi aipunguze. Nikamkimbilia mpaka kwenye ngazi. Nishaona jiwe la hivi likigeuka kahawia kwa moto wa sonara wakati wa kubana kucha za pete zinazoshika jiwe, na rangi ile hairudi. Nikamwandikia nyuma ya risiti yake ile ile: "Imetiwa mionzi, jiwe litolewe kwanza kabla ya moto."