Nzi Jike Mwenye Macho Meupe

Mwanafunzi wa mwaka wa pili alinifuata ofisini, brashi ya kuhesabia nzi wa matunda bado mkononi. "Profesa, naomba uje uone. Kuna jike mwenye macho meupe."

Tulikuwa tumepandisha majike wenye macho meupe na madume wenye macho mekundu. Jeni ya rangi hiyo imo kwenye X, moja ya kromosomu zinazobeba jeni: jike ana X mbili, dume ana X moja na Y, kwa hiyo mabinti wote hupata wekundu kwa baba, na wana wa kiume hubaki na weupe wa mama. Niliinamia hadubini. Tumbo limechongoka nchani, miguu ya mbele haina vile vitana vyeusi vya madume. Jike, hakuna ubishi.

Rahisi ni kusema chupa imechafuka, mwaga, endelea. Na mara nyingi ndivyo ilivyo: mama asipotengwa ndani ya saa 8 hivi tangu atoke kwenye pupa (ganda ambamo buu hugeuka nzi), huenda ameshapandwa na kaka yake mweupe. Lakini Calvin Bridges, aliyeingia maabara ya mwanajenetiki Thomas Hunt Morgan katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akiwa bado anasomea shahada ya kwanza, hakuwamwaga mabinti wa namna hii. Mwaka 1916 alionyesha kwamba X mbili za mama zilikuwa zimeshindwa kuachana, yai likazibeba zote, kisha Y ikaja kutoka kwa baba. Kwa nzi, Y haimgeuzi mwenye X mbili kuwa dume.

Hayo sikumwambia. Niliuliza tu, "Utajuaje kama ni uchafu?"

Alichora miraba daftarini, akafuta, akachora tena. Nilikaa naye, na sijutii hata dakika moja ya mchana ule. Mwishowe akasema, "Nimpandishe na dume mwekundu. Kama ni XX wa kawaida, wana wa kiume wote watatoka weupe. Kama ana Y, mayai machache yatabeba Y tu, na hao wana watakuwa wekundu kwa X ya baba."

Kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, kizazi huchukua siku 10 hivi. Wengi walitoka kama kawaida. Halafu wakaonekana: mabinti weupe wachache, madume wekundu wachache. Nilitaka kumpongeza, naye alishafika mbali zaidi.

"Profesa, hawa madume Y yao imetoka kwa mama. Basi si wanazaa?"

Swali zuri mno, na lilikuwa lake mwenyewe. Dume asiye na Y ni tasa, mbegu zake haziogelei. Tukawatenga hawa wekundu, kila mmoja na majike wake. Siku chache baadaye chupa zilikuwa zimejaa mabuu.